Rupia Iliyosuguliwa

Julai, Mwanjelwa, baridi imeshika masikio.
Nyuma ya kibanda cha fundi redio
tumetandaza kitambaa cheusi juu ya kreti la soda:
Sanga upande wake, mimi upande wangu,
na mizani ya barua katikati.

Mizani ni yangu, niliinunua mnadani nilipostaafu.
Miaka ishirini na sita, Posta ya Tukuyu,
nikiwaambia watu: imezidi, ongeza stempu,
na hakuna aliyewahi kusema nimemwibia.

Leo nataka kuiachia rupia.
Ya Mjerumani, mfalme na kofia yake ya tai.
Niliikuta kwenye kopo la vifungo vya marehemu mama,
nyeusi kama tako la sufuria.
Nikailaza usiku kucha ndani ya limau,
asubuhi nikaisugua kwa majivu na kipande cha kanga
mpaka nikaona meno yangu kwenye shavu la mfalme.
Nikajisifu.

Sanga anaiinamisha kwenye jua
linalochungulia ubavuni mwa Loleza.
Hasemi. Huyu ni mtu wa Makete,
ujana wake ulikwisha juu ya malori ya Tunduma, tandiboi,
akiokota sarafu kama mwingine anavyookota mafua.

"Tumpe," anasema hatimaye,
"umemwogesha mzee huyu mpaka umemchuna ngozi."
Ananipa lenzi. Naiona mikwaruzo,
mingi, membamba, kama vijia vya panya kwenye nyasi.
"Ule weusi ulikuwa umri wake.
Ungemwacha nao, ningekupa elfu themanini.
Sasa arobaini, na hapo naona haya."

Arobaini!
Kwetu mgeni hapewi kikombe chenye masizi.
Nani angenifundisha kwamba uchafu una bei?
Mkono wangu umeshashika pindo la kitambaa, niondoke,

lakini shilingi yake bado ipo pale:
simba, milima nyuma yake.
Mara tatu nimeigeuza ili nione kichwa,
mara tatu kidole chake kimeilaza kifudifudi.
Naichukua. Juu ya taji
pana kovu dogo la lehemu.
"Hii ilikuwa kidani," nasema. "Ilining'inia shingoni mwa mtu."
Sanga anacheka,
halafu hacheki.

Fundi redio anapunguza sauti ya spika, asikie vizuri.

Chai ilipoa. Tukaafikiana hivi:
kila mmoja aandike bei ya kitu chake mwenyewe,
akijifanya ndiye anayekinunua,
na fedha ni ya ada ya mtoto.
Vipande viwili vya gazeti, kalamu moja.
Mimi niliandika, nikafuta, nikaandika.
Yeye aliandika mara moja, akakunja.

Rupia yangu: hamsini na tano.
Shilingi yake, aliyoitangaza kumi na tano: nane.
"Umejipunja," nikamwambia.
"Na wewe umejipendelea kidogo," akasema, "lakini kidogo tu."
Hatukubishana tena.

Anidai nane, nimdai hamsini na tano.
Akahesabu noti, thelathini na tano, mfuko ukaishiwa.
Kumi na mbili iliyobaki akaijaza kwa viazi,
sado tatu, kila moja elfu nne,
na sado ya tatu niliitikisa mwenyewe
viazi vikae, kisha nikadai viwili vya juu.

Wakati wa kuagana akatoa senti kumi yenye tundu,
pembe mbili za ndovu zimelikumbatia.
"Hii ya urafiki, haimo kwenye hesabu."
Nikaiweka kwenye mizani. Sindano ikasogea.
"Basi imo," nikasema. "Bei?"
Akakuna kidevu. "Mia tano."
Nikampa mia tano.

Nyumbani nilifungua kopo la vifungo.
Zimebaki sarafu tatu, nyeusi tii.
Nikazitazama bila kuzigusa,
na nusu ya limau iliyokuwa dirishani
nikaikamulia kwenye chai.